Wapenda meli wa Mto Elbe na agizo la Baba

Na Mwandishi Wetu

KAMA ungepita ukingoni mwa Mto Elbe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Hamburg nchini Ujerumani, saa moja na nusu asubuhi moja ya mwezi Machi, ungedhani kuna mtu aliyezama na jamaa zake wanangoja maji yamrudishe. Wazee watatu, mama mmoja mwenye chupa ya chai na kijana wa umri wa shule ya upili walikuwa wamesimama mchangani, wamejikunyata ndani ya makoti mazito, macho yote yameelekea magharibi, upande ambako mto hushuka kwenda baharini. Hakuna aliyezungumza. Baridi ilikuwa ya nyuzi 3 na upepo ulipenya hadi mifupani.

Mara yule kijana akanyoosha kidole. Kwenye kona ya mto kilijitokeza kitu kilichofanana na mtaa mzima wa maghorofa ulioamua kuhama. Ilikuwa meli ya makontena, mekundu, ya buluu na ya kijani, yamepangwa juu kwa juu hadi mtu akajiuliza imewezaje kusimama wima. Kamera tano zikainuka kwa pamoja. Kwa muda wa dakika moja na nusu hivi hakikusikika kitu ila mlio wa kamera na mngurumo wa injini. Kisha meli ikapita, na wale watu wakatazamana na kutabasamu kama waumini waliomaliza sala.

Naam, mpenzi msomaji, kumbe walikuwa wakingoja meli. Hawakuwa waandishi wa habari wala hawakulipwa hata senti moja. Hiyo ndiyo raha yao, kama vile wengine wetu tunavyopenda kandanda au bao.

AGIZO LA BABA

Mimi nilifika pale kwa sababu ya baba yangu. Dada yangu mkubwa ni muuguzi mjini Hamburg na alikuwa amenialika nimtembelee kwa majuma mawili. Nilipokwenda kumuaga Baba nyumbani Mombasa, hakuniagiza saa wala koti kama wafanyavyo wazee wengi mtoto anapokwenda Ulaya.

"Mwanangu," aliniambia, "magunia ya kahawa ya Hamburg nimeyapakia tangu wewe hujazaliwa. Hebu niletee picha ya meli zikiingia huko. Nataka nitizame zilikuwa zikifika wapi."

Baba alifanya kazi katika bandari ya Kilindini kwa miaka 27, kuanzia 1968 hadi 1995. Enzi hizo, kabla makontena hayajatwaa kazi yote, kahawa ya Kenya ilisafirishwa kwa magunia ya kilo 60. Magunia yalipangwa kwenye wavu wa kamba, yakainuliwa kwa winchi na kushushwa ndani ya tumbo la meli, ambako wanaume waliovua mashati waliyapanga tena kwa mikono. Ubavuni mwa gunia lilipigwa chapa jina la mji lilikokuwa likienda. Hamburg ni mojawapo ya majina ambayo Baba, aliyeachia masomo darasa la nne, alijifunza kuyasoma kazini.

Uhusiano wa mji huo na pwani yetu ni wa siku nyingi. Mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa mjini Hamburg kwa ajili ya safari za Afrika Mashariki. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, baadhi ya meli zake zilipewa majina ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyatambua: Usaramo, Ussukuma na Wangoni. Leo hakuna hata moja inayoelea. Ussukuma ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe karibu na pwani ya Argentina mwezi Desemba 1939, ili isitekwe na Waingereza. Anayetaka kujua meli hizo zilifananaje hana budi kutafuta picha za watu waliosimama ufuoni na kamera zao siku zilipokuwa zikipita.

MTO UNAOBEBA MELI

Hamburg haiko baharini, jambo ambalo humshangaza mgeni wa kutoka Mombasa. Meli inayotoka Bahari ya Kaskazini hupanda Mto Elbe kwa kiasi cha kilomita 100 kabla ya kufika bandarini. Kwa hivyo meli iliyovuka bahari kuu hupita karibu na madirisha ya watu, karibu na bustani, karibu na mama anayeanika nguo. Zile kubwa kabisa zina urefu wa mita 400, yaani karibu viwanja vinne vya kandanda vilivyopangwa mstari mmoja, na hubeba zaidi ya makontena 20,000.

Maji ya mto huo hujaa na kupwa kama yetu ya Kilindini, tofauti ikizidi mita 3, na meli zenye shehena nzito zaidi hupanda zikifuata maji yanayojaa. Mwaka 2020 sehemu ya njia ya meli kati ya mji wa Wedel na kitongoji cha Blankenese ilipanuliwa ili meli kubwa ziweze kupishana. Wapiga picha waliipenda habari hiyo kuliko manahodha. Siku ya bahati mtu hupata meli mbili katika picha moja, moja ikija na nyingine ikienda.

Wapenda meli hawa wana elimu yao. Kila mmoja ana programu katika simu inayomwonyesha kila meli ilipo, jina lake, mwendo wake na saa itakayofika, kwani siku hizi meli zote kubwa hutangaza mahali zilipo kwa mitambo ya redio. Wanaitambua kampuni kwa rangi tu, hata meli ikiwa mbali. Buluu ya mbingu ni Maersk, kijani ni Evergreen, na dohani la rangi ya chungwa ni Hapag-Lloyd, wenyeji wa Hamburg. Kwenye tezi husoma jina la bandari meli ilikoandikishwa. Baadhi yao huandika pia nambari ya IMO, ambayo ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikiuzwa mara tano na kupewa majina matano. Ni kama alama ya kuzaliwa.

MELI ZINAPOPIGIWA WIMBO WA TAIFA

Siku ya tatu dada yangu alinipeleka Wedel kwa gari moshi la mjini, safari ya dakika 40 hivi kutoka kituo kikuu. Hapo ukingoni kuna mahali panapoitwa Willkomm-Höft, kando ya mkahawa, ambapo tangu mwaka 1952 meli kubwa zinazoingia na kutoka hulakiwa na kuagwa kwa heshima zote. Bendera ya Hamburg hushushwa kidogo mlingotini kama salamu. Vipaza sauti hupiga wimbo wa taifa wa nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Kisha mtangazaji huwaeleza watu waliokaa wakinywa kahawa jina la meli, uzito wake, inatoka wapi na inakwenda wapi.

Siku ile ilipita meli yenye bendera ya Liberia. Wimbo wa Liberia ukarindima juu ya maji. Nikatazama kwa darubini ya dada yangu nikaona mabaharia wawili wakipunga mikono kutoka omo, na sura zao zilikuwa za Asia. Baba angecheka. Watu wa bandari wanajua kwamba bendera ya meli ni ya makaratasi, na wanaofanya kazi ndani yake huwa ni wana wa watu wengine kabisa.

Nilimuuliza dada yangu kama amewahi kusikia wimbo wetu wa taifa ukipigwa hapo.

"Miaka tisa nimekaa," alijibu, "sijausikia. Lakini kahawa yetu naisikia harufu yake kila siku."

MZEE NA DAFTARI LAKE

Ni hapo Wedel nilipokutana tena na mmoja wa wale wazee watatu wa ufuoni. Alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, na dada yangu alitutafsiria. Alipoona kamera yangu ya kuazima na jinsi nilivyokuwa nikipiga ovyo, alinihurumia, akanipa somo ambalo nawapa wasomaji bila malipo.

Kwanza, alisema, jua. Ukingo huu wa Wedel na Blankenese uko kaskazini mwa mto. Saa sita mchana jua huwa kusini, ng'ambo ya mto, nawe unalitazama usoni. Meli huonekana kama kipande cha makaa. Asubuhi jua liko mashariki. Meli inayoingia inaelekea mashariki, kwa hivyo mwanga huipiga usoni, kwenye omo, na wewe unalipa jua kisogo. Jioni mambo hugeuka. Jua liko magharibi na meli inayotoka ndiyo inayopata mwanga usoni. Anayetaka kupiga picha mchana na avuke, asimame ukingo wa kusini.

Pili, usiitazame meli ndani ya kamera mpaka ikufikie. Chagua mapema kitu cha ufuoni, mti, mnara wa taa, benchi, kisha ungoje meli iingie yenyewe katika picha. Bila kitu cha kupimia, hakuna atakayejua kwamba meli ni kubwa. Na hakikisha mstari wa maji umelala sawa, usije ukaumwaga mto.

Tatu, piga picha chache. Meli ya mita 400 ikienda kilomita 18 kwa saa hukupita kwa sekunde 80 hivi. Enzi za filamu ya picha 36, alisema, alikuwa akijiruhusu picha tatu kwa kila meli.

Baadaye akafungua mkoba na kutuonyesha daftari lake. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, saa, jina la meli, bendera na hali ya upepo. Alianza akiwa na umri wa miaka 14. Nilimuuliza ana picha ngapi za meli, akasema alikwisha poteza hesabu zilipopita elfu kumi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo dada yangu alisita kabla ya kulitafsiri.

"Mke wangu alikuwa akija nami hapa kila Jumapili kwa miaka 31. Alishika chupa ya chai. Alipofariki nilitafuta picha zake. Nilipata kumi na moja."

Hakuna kati yetu aliyejua la kujibu. Mzee alifunga daftari, akatuonyesha meli nyingine iliyokuwa ikija, na akatuambia tusimame upande wa kushoto.

MWEZI WA KUCHUNGULIA

Wengi huniuliza kwa nini nilikwenda Ulaya mwezi Machi badala ya Julai kwenye joto. Jibu ni kwamba nauli ilikuwa nafuu. Lakini wapiga picha wa Elbe wana sababu bora zaidi ya kuupenda mwezi huo.

Sisi tulio karibu na ikweta hatujui njaa ya mwanga. Mwezi Desemba mjini Hamburg jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni limekwisha kutua. Kufikia katikati ya Machi linachomoza saa kumi na mbili na nusu na kutua baada ya saa kumi na mbili jioni, karibu sawa na kwetu. Watu hutoka nyumbani kama kumbikumbi baada ya mvua. Utawaona wamekaa kwenye mabenchi, makoti yamefungwa hadi shingoni, wamefumba macho na kuelekeza nyuso juani bila kusema neno. Wengine hula aiskrimu wakiwa wamevaa glavu!

Vilevile miti bado haijatoa majani. Kingo za kaskazini kuanzia Altona hadi Blankenese ni za vilima, na Blankenese yenyewe ina ngazi zinazokaribia 5,000 zinazopanda na kushuka kati ya nyumba. Kiangazi majani huuficha mto. Mwezi Machi matawi bado ni matupu na mwanga umekwisha kurudi, na ukisimama kwenye ngazi utaiona meli ikipita kati ya matawi, juu ya mapaa ya nyumba, kama vile inasafiri nchi kavu. Majuma machache tu, kisha pazia linafungwa.

Chini ya miti hiyo mitupu ardhi huanza kuchangamka. Kwanza hutokea vijiua vyeupe vinavyoinamisha vichwa, ambavyo Wajerumani huviita Schneeglöckchen, yaani kengele ndogo za theluji. Hufuatiwa na krokasi za zambarau na manjano zinazochomoza katikati ya nyasi zilizokauka kwa baridi. Watu wazima niliwaona wakipiga magoti matopeni ili kupiga picha ua lenye kimo cha kidole.

Katika bandari ya mashua za starehe pale Wedel, mashua nyingi zilikuwa bado ziko nchi kavu tangu majira ya baridi. Wenyewe walikuwa chini ya matumbo yake wakikwangua na kupaka rangi, watoto wakishika ndoo. Nilikumbuka majahazi yetu yanavyovutwa ufuoni na kupakwa shahamu na chokaa. Baharia ni baharia. Anapomaliza chombo chake hurudi nyuma hatua mbili, akakitazama, akarudi kupaka pale pale alipopaka.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga picha za watu. Lakini nchini Ujerumani huwezi kumpiga mtu picha na kuitangaza utakavyo. Sheria inayomlinda mtu na matumizi ya sura yake ipo tangu mwaka 1907. Dada yangu alinifunza sentensi moja ya Kijerumani ya kuomba ruhusa. Niliitumia mara nyingi sana, na ni watu watatu tu walionikatalia.

SIKU NILIPOLOWA

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi ya kwanza, kwani sikueleza yote. Ufuo ule unaitwa Wittenbergen, penye mnara wa taa mwekundu na mweupe uliotimiza zaidi ya miaka 100. Nilikuwa nimepanga vizuri. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, hatua nne kutoka majini, mkoba kando yangu, nikangoja meli kubwa ili nimpelekee Baba picha ya kutundika ukutani.

Meli ilipokaribia, maji yakaanza kurudi nyuma. Yaliuacha mchanga mtupu kama maji yanavyokupwa, lakini kwa kasi. Nikafurahi, nikasogeza kamera mbele zaidi. Kumbe wenyeji wote walikuwa wakirudi nyuma! Meli kubwa inapopita mtoni huyavuta maji kutoka kando, na ikishapita huyarudisha kwa pigo moja. Kuna mabango ya kuonya kuhusu jambo hilo, ila yameandikwa Kijerumani. Nilisikia mtu akipiga kelele, nikageuka, na wimbi likanifika magotini.

Yule mama mwenye chupa ya chai alinishika mkono. Mzee mmoja alinyakua mkoba wangu. Kijana aliiokoa kamera, na kwa bahati kidole chake kikabonyeza.

Picha ya meli kubwa niliyoitaka sikuipata. Niliyoipata ni ile ya kijana. Imepinda, meli imekatwa nusu, na mbele yake ninaonekana mimi nimekumbatiwa na mama nisiyemjua, suruali inachuruzika maji, sote wawili midomo wazi kwa kicheko. Mama yule alinimiminia chai ya moto kwenye kifuniko cha chupa yake. Sijui jina lake hadi leo.

KIVUKO NAMBARI 62

Siku zilizobaki nilizitumia juu ya kivuko nambari 62, kinachotoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Ni usafiri wa kawaida wa umma kama kivuko chetu cha Likoni, na tikiti ya basi ndiyo hiyo hiyo ya kivuko. Wafanyakazi wapanda na baiskeli zao, wanafunzi wanasinzia, na ng'ambo ya pili winchi za makontena zimesimama kama kundi la twiga wanywao maji.

Asubuhi moja niliona meli ikifunga gatini. Chini ya ubavu wake, katika mashua ndogo kabisa, walikuwapo wanaume wawili wenye makoti ya manjano. Kutoka juu walishushiwa kamba nene kama paja, wakaidaka, wakaipeleka gatini. Ukuta wa chuma uliwafunika kivuli chote. Nilipiga picha moja tu. Sikuona kwamba ni ya maana.

Kabla ya kuondoka tulitembea Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa kando ya mifereji, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Humo kahawa, chai, viungo na mazulia vilihifadhiwa kwa zaidi ya karne moja. Katika duka moja la kahawa kulikuwa na gunia tupu ukutani, limeandikwa Kenya. Nililigusa. Nikapiga picha.

PICHA ALIYOICHAGUA BABA

Niliporudi Mombasa nilisafishisha picha 40 katika studio, kwani Baba hapendi kutazama picha kwenye simu. Alivaa miwani yake, akaketi barazani, akaanza kuzipitia kama mtu anayehesabu noti. Meli za makontena alizitazama haraka haraka. "Hizi hata huku zaja," akasema. Picha ya gunia aliitazama kidogo, akatikisa kichwa. Picha yangu nimelowa ilimchekesha hadi akakohoa.

Kisha akafika kwenye picha ya wale wawili ndani ya mashua. Akanyamaza. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hawa," akaniambia, "hawa ndio wenzangu. Mtizame huyu anavyoweka mguu. Kamba ile ikikatika, huna mguu."

Akaniuliza majina yao. Nikamwambia siyajui.

"Ungewauliza," akasema.

Baada ya muda akasema tena, bila kunitazama: "Miaka ishirini na saba, sina picha hata moja nikiwa kazini. Kamera zilikuwa hazingii getini. Meli zote zilipigwa picha huko zilikokwenda. Sisi tuliobaki gatini, nani alitupiga?"

Nilimkumbuka mzee wa Wedel na picha zake kumi na moja.

Jumapili iliyofuata nilimchukua Baba kwa tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina, pale ufuoni palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019. Kutoka chini ya mibuyu ile unauona mlango wa Kilindini wote, na kila meli iingiayo au itokayo bandarini lazima ipite mbele yako. Tuliketi tukanunua madafu na mihogo ya kukaanga. Jua la jioni lilikuwa magharibi, nyuma ya Likoni. Meli ya makontena ikatokea upande wa bandari ikielekea bahari kuu, tagi ikiisindikiza.

Safari hii nilifanya kama nilivyofunzwa. Sikuifuata meli. Nilimchagua Baba, kofia yake na mkongojo wake, nikangoja meli iingie yenyewe katika picha. Picha hiyo sasa imetundikwa ukutani kwake. Nyuma yake ameniamuru niandike jina lake kamili, kazi aliyoifanya, na ile miaka, 1968 hadi 1995.

Msomaji mpenzi, waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani hawakukosea. Nilikwenda kutafuta meli za watu mbali, nikarudi kumpiga picha mzee wangu hatua chache kutoka nyumbani. Huhitaji kwenda Hamburg, wala huhitaji kamera ya bei. Mchukue mzazi wako Jumapili moja hadi mahali alipokuwa akitafutia riziki, iwe bandari, kituo cha reli, shamba au soko. Kama ni mahali penye ulinzi, omba ruhusa kwanza. Asimame penye mwanga, umpige picha, kisha andika nyuma jina, mahali na tarehe. Chupa ya chai akiishika mama, basi naye pia aingie.